Chaja Moja, Baiskeli Nne

Kuazimana ni desturi yetu. Jirani akikosa chumvi huazima chumvi. Akikosa panga huazima panga. Na mtumbwi wa mtu mmoja huvusha watu wengi. Mtu anayewanyima wenzake vitu vyake hasifiwi na ye yote. Kwa hiyo hatukuona hatari yo yote siku ile tulipoanza kuazimana chaja ya baiskeli za umeme. Tulisema, "Kichwa cha waya kikiingia, basi chaja inafaa." Leo twataka kuwaeleza jinsi neno hilo lilivyotuponza, lisije likawaponza nanyi.

Sisi twakaa Yangambi, ukingo wa kulia wa mto Kongo, kiasi cha kilomita 100 chini ya Kisangani. Wengi wanalijua jina la Yangambi kwa ajili ya kituo cha utafiti wa kilimo. Shirika la INEAC, lililoanzishwa mwaka 1933, lilikuwa na makao yake makuu hapa, na kazi yake yaendelea leo katika INERA. Njia yetu ya kwenda mjini ni ya udongo, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Ndiyo sababu watu husafiri kwa mtumbwi, kwa pikipiki au kwa baiskeli. Kisangani kwenyewe, tangu zamani, watu hubebwa kwa baiskeli ziitwazo toleka. Basi zilipofika baiskeli za umeme hatukuziona kuwa ajabu kubwa. Tulizipokea kama ndugu wadogo wa toleka.

Kwetu zilikuwa nne. Ya kwanza ni ya mchuuzi wa samaki. Ya pili ni ya Mwalimu. Ya tatu ni ya Mama Mkunga, anayekwenda vijijini kuwaangalia wazazi. Ya nne, nzito kuliko zote, ni ya Katekista. Zilinunuliwa mjini siku mbalimbali, kwa watu mbalimbali, nyingine zikiwa zimekwisha kutumika katika nchi za mbali. Kila moja ilikuja na chaja yake.

Lakini mali ya dunia haidumu. Chaja ya Mwalimu iliachwa barazani, mvua ikaingia ndani yake. Chaja ya Mama Mkunga na ile ya Katekista ziliungua usiku mmoja, jenereta ilipopandisha umeme ghafula. Ikabaki moja tu, ya mchuuzi. Yeye ni mtu wa moyo mwema. Alisema, "Jamani, tunayo sahani mbili za jua juu ya paa langu, na chaja hii hapa. Leteni betri zenu, tutapokezana." Tulishukuru sana. Tuliandika zamu kwa chaki mlangoni: Jumatatu mchuuzi, Jumanne Mwalimu, Jumatano Mama Mkunga, Alhamisi Katekista, na kuendelea.

Tulitazama jambo moja tu, yaani kichwa cha waya. Kilikuwa cha mviringo, na matundu ya betri zote nne yalikuwa ya mviringo pia. Kikaingia kote bila kulazimishwa. Taa nyekundu ikawaka kote. Tungetaka ushahidi gani tena?

Wa kwanza kuona taabu alikuwa Katekista. Betri yake ilikaa katika chaja muda wote wa zamu yake, taa ikageuka kijani, naye akaenda zake kwa furaha kufundisha katika kijiji cha mbali. Hakufika. Nusu ya njia baiskeli ilikata nguvu, akaisukuma kwa mikono mpaka usiku. Wiki ya pili ilikufa mapema zaidi, na wiki ya tatu mapema kuliko ya pili. Tulimwambia kwa mzaha, "Baba, punguza ugali!" Naye alicheka pamoja nasi. Kumbe betri yake ilikuwa inakufa kidogo kidogo, nasi tukicheka.

Mwalimu, kwa upande wake, alitumia chaja ile mara mbili bila kuona dhara. Tena aliona betri yake inajaa upesi na chaja inanyamaza yenyewe. Alifurahi. Ndipo alipomhimiza Mama Mkunga, aliyekuwa bado anasita: "Dada, yangu na yako ni za aina moja. Mimi nimejaribu mara mbili. Usiogope." Mama Mkunga akamwamini, maana ni mwalimu.

Jumatano ile aliileta betri yake asubuhi, saa mbili hivi, ikiwa imebaki na nusu. Ikawekwa barazani, ikafungwa kwa chaja, kila mtu akashika kazi yake. Saa tatu ilikuwa salama. Saa nne salama. Karibu na saa sita mtoto wa mchuuzi alimwita mama yake: "Mama, kile kitu kinanuka kama rangi." Mama akatoka, akaona ganda la betri limevimba kama andazi. Akachomoa waya ukutani, akawakusanya watoto, akakimbia nao. Mchuuzi alifika akaivuta betri kwa jembe mpaka uwanjani, kwenye udongo mtupu. Hapo ikaanza kupiga mlio kama nyoka, ikatoa moshi mweupe, kisha moto ukaruka. Ulipozimika uliwaka tena. Tulimwaga maji ndoo kwa ndoo, tukisimama mbali kwa upande upepo utokako.

Hakuna aliyeumia. Twasema tena, hakuna aliyeumia, na kwa hilo twashukuru mpaka leo. Lakini mchuuzi hakufanya vema kuisogelea betri ile. Moshi wake ni sumu, na ingaliweza kupasuka mbele ya uso wake. Ikiwatokea ninyi, kateni umeme kama mwaweza kufanya hivyo bila hatari, watoeni watu, kaeni mbali. Nyumba hujengwa tena.

Jioni ile maneno yalianza. Mama Mkunga alisema, "Mimi sikuomba chaja. Niliambiwa inafaa. Sasa nitafikaje kwa mama zangu?" Mchuuzi akasema, "Mimi niliazimisha kwa moyo mwema. Je, nilipie wema wangu?" Mwalimu hakusema neno. Wengine walianza kunong'ona kuwa betri ya Mama Mkunga ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Tuliona wazi kwamba moto wa uwanjani umezimika, ila mwingine unawashwa katikati yetu.

Katekista ndiye aliyetuambia tusihukumu kabla ya kujua. Tukamwita fundi wa redio, mtu mzima mwenye mita ya kupimia umeme. Hakuanza kwa kusema nani ana kosa. Aliomba chaja, akaisoma maandishi yake madogo ambayo sisi sote hatukupata kuyasoma hata siku moja: volti 54.6, ampea 2. Kisha akazisoma betri zilizobaki, akaandika ardhini kwa kijiti.

"Sikilizeni," alisema. "Umeme ni kama maji ya tangi. Volti ni urefu wa tangi juu ya mnara, ampea ni wingi wa maji yanayopita bombani. Ndani ya betri ya lithiamu mna seli nyingi zilizofungwa kwa mstari. Seli za namna hii hujaa zikifika volti 4.2, wala zisipite hapo. Betri ya mchuuzi huitwa ya volti 48, ina seli 13. Zidisha 13 kwa 4.2."

Mwalimu alijibu kwa sauti ndogo, "54.6."

"Ndiyo chaja hii. Ni yake. Betri yako wewe Mwalimu, na ile ya Mama, ni za volti 36, zenye seli 10. Zidisha."

"42," alisema Mwalimu.

"Basi zilitaka kusimama kwenye 42, na chaja hii haijui kusimama hapo. Yenyewe husukuma mpaka 54.6. Kwa saa za kwanza huoni dalili, maana chaja hupeleka zile ampea 2 tu, na volti za betri zinapanda taratibu kama kawaida. Hatari huanza pale betri inapojaa, chaja isijue kwamba imejaa."

Tukamwuliza, mbona ya Mwalimu haikuungua? Fundi akatueleza kwamba ndani ya betri nzuri mna kibao kidogo cha ulinzi. Seli zikipita kiasi, kibao hukata njia ya umeme. Kibao cha Mwalimu kilikuwa kimemwokoa mara mbili, naye akadhani ni chaja iliyomaliza kazi yake. Mabaki ya betri ya Mama Mkunga yalionyesha kwamba zamani mtu aliifungua, akatia seli nyingine kuukuu, akakirukia kibao kwa waya. Mama hakujua habari hiyo wakati alipoinunua. Kwa hiyo hapakuwa na mlinzi ndani.

"Na yangu?" akauliza Katekista. Fundi akaiinua kwa taabu, akacheka. "Baba, hii si lithiamu. Hii ni ya risasi, betri nne za volti 12 zilizofungwa pamoja. Nayo huitwa 48, sawasawa na ya mchuuzi, lakini kujaa kwake ni karibu volti 58 au 59. Chaja hii iliiacha na njaa kila wiki. Betri ya risasi ikikaa bila kujaa, mabamba yake hushika ukoko mgumu, na nguvu hairudi."

Ndipo tulipoelewa. Chaja ile ile ilimlisha mmoja kwa kiasi chake, ikamnyima wa pili, ikamvimbisha wa tatu, na wa nne aliokoka kwa sababu ya mlinzi asiyemjua. Sisi tulidhani kugawana ni kumpa kila mtu kitu kile kile. Hatukuuliza kila betri inataka nini.

Na jambo hili lilitupa haya, kwa kuwa watu wa Yangambi walipaswa kulijua kuliko wengine. Mikungu miwili ya michikichi yaweza kufanana kwa nje. Lakini ukizivunja kokwa, moja ina ganda nene, nyingine ina ganda jembamba. Hapa hapa kwetu ndipo wataalamu Beirnaert na Vanderweyen walipoeleza mwaka 1941 jinsi mchikichi wenye ganda nene, ukichanganywa na ule usio na ganda, unavyozaa ule wa ganda jembamba, wenye mafuta mengi, unaopandwa leo katika nchi nyingi. Hawakujua hayo kwa kutazama ngozi ya tunda, bali kwa kuvunja kokwa. Nasi tulitazama tundu la waya tukaridhika.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa kijijini tu. Katika mji wa New York, wenye mafundi wengi na vitabu vingi, mwaka 1 tu wa 2023 idara ya zimamoto ilihesabu mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu, na watu 18 walikufa. Betri mbovu, betri zilizofunguliwa na kufungwa ovyo, na chaja zisizo zake ni katika mambo waliyoonywa juu yake.

Tena twaweza kuuliza, kwa nini viwanda visitengeneze chaja moja kwa wote? Kwa simu jambo hilo limeanza. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, simu mpya zinazouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima ziwe na tundu la namna moja. Lakini baiskeli bado kila kiwanda kina njia yake. Huko Kigali kampuni ya Ampersand imefanya njia nyingine kwa pikipiki za umeme tangu 2019: dereva huacha betri tupu kituoni, huchukua iliyojaa, huenda zake. Pale hakuna anayeazima chaja. Watu wengi wanashirikiana betri bila hofu, kwa sababu zote ni za kipimo kimoja na mwenye kuzitunza anajulikana. Twaona basi kwamba ushirika wenyewe si kosa. Kosa ni ushirika usio na kipimo.

Turudi kwenye shauri letu. Maneno ya fundi yalipokwisha, hapakuwa tena na mtu wa kumlaumu peke yake. Mchuuzi hakusoma maandishi ya chaja yake. Mwalimu alifundisha asilolijua. Mama Mkunga alinunua bila kupima. Sisi wengine tulicheka Katekista alipokuwa akionyeshwa dalili ya kwanza. Tulikata shauri kununua betri mpya ya Mama Mkunga kwa mafungu manne. Mwalimu akasimama akasema, "Langu liwe mawili, kwa sababu alikuwa na shaka, nami ndimi niliyeiondoa." Tena akampa baiskeli yake aitumie mpaka betri mpya ifike. Miezi miwili alikwenda shuleni kwa miguu, na hatukumsikia akinung'unika. Mama Mkunga alipomrudishia, alimwambia, "Kaka, hujui ni watoto wangapi waliopokelewa kwa baiskeli hii." Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto.

Fundi alikwenda Kisangani na mita yake mfukoni. Alileta chaja mbili: moja ya volti 42, moja ya betri za risasi kwa ajili ya Katekista, pamoja na betri zake nne mpya. Kabla ya kulipa alipima kila kitu mbele ya mwenye duka. Aliporudi alibadili vichwa vya waya, akaweka vya namna tatu, ili mtu akikosea hata gizani kichwa kisiingie. Juu ya kila betri na kila chaja tulipiga rangi: nyekundu kwa 42, nyeupe kwa 54.6, buluu kwa risasi. Basi leo tuna chaja tatu kwa baiskeli nne. Mwalimu na Mama Mkunga wanatumia moja pamoja, kwa zamu, na haijawaletea taabu, maana betri zao ni za kipimo kimoja kweli.

Wasomaji wapenzi, kama nanyi mna baiskeli za umeme na mnataka kuazimana chaja, ulizeni kwanza mambo manne. La kwanza, je, volti za mwisho ni zile zile? Msitosheke na jina la 36 au 48; someni namba iliyoandikwa kwenye chaja mahali pa umeme unaotoka, na ile inayotakiwa na betri. La pili, je, betri ni ya aina ile ile? Risasi si lithiamu. Na lithiamu zenyewe si moja, maana ziko zenye fosfeti ya chuma ambazo seli yake hujaa kwenye volti 3.65 badala ya 4.2. La tatu, je, ncha chanya na ncha hasi za kichwa cha waya ziko mahali pale pale? Vichwa viwili vyaweza kufanana, ndani vikapingana. La nne, je, ampea za chaja hazizidi zile ambazo betri imeruhusiwa kupokea? Zikipungua, kujaa kutachukua muda mrefu tu. Zikizidi, betri hupata joto.

Mambo yote manne yakipatana, azimaneni kwa amani. Moja likikataa, au maandishi yakiwa yamefutika, mwiteni mtu mwenye mita. Na hata chaja iliyo sahihi isiachwe ikifanya kazi usiku watu wakiwa wamelala, wala karibu na mlango wa kutokea, wala juu ya godoro au majani makavu.

Mchuuzi bado anaazimisha vitu vyake. Juzi tulimsikia kijana mmoja akimwomba chaja kwa baiskeli aliyoileta kutoka mjini. Zamani angeitoa mara moja. Safari hii alimkaribisha kwanza akae, akamwambia, "Mwanangu, chaja ipo. Lete betri yako tuisome." Kijana alikunja uso kidogo, akadhani ananyimwa. Wakainama wote wawili juu ya betri, wakafuta vumbi kwa kidole, wakatafuta namba. Ilikuwa 36. Mchuuzi akamshika mkono, akampeleka kwa Mwalimu.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi tumekwisha kunyolewa.